Refraktomita, mashine ya RO na makorokoro mengine ya tangi dogo la maji chumvi hapa Mwanza

Kama una laki moja tu mkononi na roho inakudai samaki wa baharini sebuleni, usinunue samaki. Nunua refraktomita, kile kipimo cha chumvi ya maji. Hukumu yangu ndiyo hiyo, naitoa mapema ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke na kitu. Hakosekani mtu wa kuniuliza samaki gani ni mzuri wa kuanza naye, na nikimuuliza maji yake yana chumvi kiasi gani ananijibu, "Ya kutosha." Ya kutosha nini? Ameonja?

Nijitambulishe kidogo mjue naongea nikiwa wapi. Mimi ni mfamasia, mzaliwa wa Tanga niliyeolewa Usukumani, nakaa Isamilo. Tangi langu ni la lita 60. Ukitoa nafasi ya mchanga na mawe, maji yenyewe yanabaki kama lita 50. Wamo samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wale ambao kwao baharini hulala kwenye anemoni, wamo konokono wa kula mwani, na kaa wadogo wanaobeba makombe mgongoni. Matumbawe sina, na kwa sasa siyatafuti. Majirani wananicheka: ziwa lote lile pale chini, la pili duniani kwa ukubwa wa eneo kati ya maziwa ya maji baridi, halafu mtu anaagiza chumvi kwa basi ili ajitengenezee maji yake. Mama mkwe alipokuja kutoka Magu alisimama mbele ya kioo kitambo, kisha akauliza, "Mayu, hawa wanaliwa?" Nikamwambia hapana mama, ni wa kuangalia tu. Akaenda zake jikoni.

Tangi dogo halisamehe. Ukizidisha chakula leo, kesho amonia ipo, ile sumu inayotokana na uchafu. Maji yakipungua kidogo tu, chumvi imepanda. Kwa hiyo nitakayoyatathmini hapa ni vifaa vya maji peke yake. Taa, mapambo na vijumba vya plastiki nawaachia wengine.

Tuanze na yenyewe refraktomita. Ni bomba dogo la chuma lenye mpini wa mpira, urefu wake shubiri moja hivi, na kichwani lina kioo kilicholala mshazari chenye kifuniko cha plastiki angavu. Yangu niliagiza Dar, ikanigharimu elfu sabini na kitu pamoja na nauli ya kifurushi. Unadondosha matone mawili matatu ya maji ya tangi juu ya kioo, unafunga kifuniko taratibu mapovu yasibaki chini yake, unangoja nusu dakika maji na kioo vilingane joto, kisha unaelekea dirishani na kuchungulia. Utaona duara, juu bluu, chini nyeupe. Pale rangi mbili zinapokutana ndipo penye jibu. Kuna mistari ya vipimo pande mbili: upande mmoja unahesabu sehemu kwa elfu, upande wa pili unaonyesha uzito wa maji ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi. Bahari ya kawaida ni karibu 35 kwa elfu, yaani gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, na upande wa pili inasomeka 1.026 hivi. Langu nalishikilia kati ya 34 na 35.

Kabla ya hapo nilikuwa na kile kiboksi cha plastiki chenye sindano inayopanda ukijaza maji. Ni rahisi na kinauzwa bei ya chini, lakini povu moja likinasa kwenye sindano kinakupa namba yake, ukigonga kinakupa nyingine, na chumvi ikiganda kwenye msumari wa sindano kinaanza kudanganya polepole bila wewe kushtuka. Nilikigawa. Aliyekichukua anafugia kamongo, hana haja ya kujua chumvi, anachezea tu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo karatasi ya maelezo haikulisema, na ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Karatasi inasema dondosha maji yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kupozwa mvuke wake, kaza skrubu hadi isome sifuri, umemaliza. Hujamaliza. Refraktomita nyingi za bei hii zilichorwa kwa ajili ya maji ya chumvi ya viwandani, yaani chumvi ile moja tu ya sodiamu kloraidi. Maji ya bahari yana magnesiamu, salfeti, kalsiamu na vingine, na mchanganyiko huo unapinda mwanga tofauti kidogo. Matokeo yake, maji ya bahari ya 35 kamili kwenye kipimo cha namna hiyo yanasomeka kama 36 na nusu. Ukiyafuata utapunguza chumvi isiyohitaji kupunguzwa, na sifuri yako itakuwa sawasawa muda wote.

Dawa yake ni kurekebisha kwa maji yanayojulikana kuwa sawa na 35. Vichupa vya kurekebishia vinauzwa, ila navyo ni kuagiza na kungoja. Mimi natengeneza mwenyewe: gramu 3.65 za chumvi kavu na gramu 96.35 za maji yaliyosafishwa, jumla gramu 100. Mchanganyiko huo unapinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35. Nadondosha, nachungulia, nakaza skrubu hadi mpaka wa rangi ukae juu ya 35, basi. Chumvi ya jikoni inatosha kwa kazi hii ya kurekebisha, maana madini joto na kile kinachowekwa isigande ni kidogo mno kuharibu hesabu. Ikaushe kwanza kwenye kikaango. Kazini nina mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Asiye nayo aende kwa sonara. Huu ni mji wa dhahabu, mizani ya maana haikosekani, na sonara akishamaliza kukushangaa atakupimia. Na kwa wenzangu wa duka la dawa wanaodhani watatumia dripu ya chumvi: ile ni asilimia 0.9, iko chini mno.

Kwenye mwili wake kuna neno ATC, maana yake inajirekebisha kwa joto, na ya kwangu imeandikwa nyuzi 10 hadi 30. Ndani ya nyumba za Mwanza hiyo inatosha. Baada ya kupima ioshe kwa maji yasiyo na chumvi na uifute kwa kitambaa laini cha miwani. Ukiiacha na chumvi, bawaba ya kifuniko inakakamaa. Naipa tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa ajili ya ile karatasi.

Kwa nini nasisitiza chumvi hivi? Kwa sababu ya hali ya hewa yetu. Kuanzia Juni mpaka Septemba ni kiangazi, upepo wa ziwani unapita sebuleni, feni nayo inazunguka, na maji ya tangi yanakwenda hewani. Chumvi haiendi popote. Chukua lita zangu 50 zenye 35. Zikikauka lita 3, zinazobaki 47 zina zaidi ya 37. Samaki anaweza kuvumilia, konokono haipendi kabisa hiyo panda shuka. Nimebandika utepe kwenye kioo pale maji yanapotakiwa kuishia, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini najazia mpaka kwenye utepe. Najazia maji yasiyo na chumvi. Hili nalirudia kwa sababu kuna kijana alinibishia vikali kwamba tangi la maji chumvi hujaziwa maji chumvi. Hujaziwa maji chumvi pale tu ulipoyachota mwenyewe kubadilisha.

Na hapo ndipo swali linapogeuka: hayo yasiyo na chumvi yanatoka wapi?

Maji yetu ya bomba ni ya ziwani, yanatibiwa Capri Point na siku hizi Butimba pia. Kwa kunywa ni mazuri na klorini iliyomo ipo kwa faida yetu. Kwa tangi, klorini ni sumu: inachoma mashavu ya samaki na kuua bakteria wanaokula amonia. Inaondoka kwa kichujio cha mkaa au kwa matone ya sodiamu thiosalfeti. Lakini klorini si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni vile vyakula vya mwani, nitrati na fosfati, ambavyo ukivijazia kidogo kidogo kila asubuhi vinajilimbikiza, na baada ya muda mawe yako yanaota nywele za kijani.

Nilinunua kalamu ya TDS, ile ya kuchovya inayokupa namba moja ya vitu vilivyoyeyuka. Bei haifiki elfu ishirini. Maji ya bomba nyumbani yanasoma chini ya 100, wakati shemeji yangu wa Dodoma akichovya kwenye maji ya kisima chake anapata mamia. Ziwa letu lina maji laini, madini yake ni machache. Watu wengi hapa wakiona namba ndogo hivyo wanafurahi na kusema basi, yanafaa. Taratibu. Kalamu inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, haijui kinachopitisha ni nini. Fosfati kidogo inayotosha kufuga mwani haitaisogeza namba. Kalamu ni nzuri kwa kazi moja: kukuambia vichujio vya mashine yako ya RO, ile inayosukuma maji kupita kwenye utando unaozuia madini, vimechoka. Kwa hiyo moja naipa nane. Anayeinunua ili kupimia maji ya bomba na kuyapa cheti, hela yake imekwenda.

Mashine ya RO ndiyo ghali kuliko vyote nilivyonavyo, na ndiyo iliyonisumbua kuelewa. Ina hatua nne: kichujio cha tope, kichujio cha mkaa, utando wenyewe, halafu punje za resini za kunasa madini yaliyobaki ili namba ya kalamu ifike sifuri. Resini inakufa kulingana na madini yanayopita, kwa hiyo sisi wa maji laini tuna bahati: ya kwangu inadumu kuliko ya wenzangu wa Dar wenye maji ya visima. Ila kichujio cha kwanza kabisa, cha tope, hapa kinachoka mapema. Ukikitoa unakuta rangi ya kijani iliyokolea udongo, na inateleza. Nunua vya akiba vitatu vinne kwa mpigo, ni vya bei ndogo.

Kitu ambacho muuzaji hatakwambia ni presha. Utando wa RO unataka kusukumwa, kawaida presha ya psi 40 (paundi kwa inchi ya mraba) kwenda juu, na viwango vinavyoandikwa kwenye boksi vimepimwa kwenye 50 au 60. Sisi wa vilimani, maji ya bomba yana siku zake, kwa hiyo unatumia tenki la kuhifadhia. Tenki langu limeinuliwa mita nne hivi juu ya bomba. Kila mita 10 za kimo zinakupa psi 14 na kidogo. Piga hesabu: mimi nina psi 6. Kwa psi 6 mashine inalia tu, maji safi yanadondoka kama machozi ya kuigiza na maji taka yanamwagika. Lazima uongeze pampu ya kusukuma, na pampu inataka umeme. Pamoja na pampu yote ilinifikia laki tatu na nusu na ushee. Kwa kila lita moja safi inamwaga tatu hadi nne; hizo napigia deki na kumwagilia mchicha, maana ni maji ya bomba tu yenye madini yaliyozidi kidogo.

Saba kwa kumi. Ikiwa unakaa bondeni penye presha, jiongezee moja.

Mbadala ni vituo vya kujaza maji, vile unavyopeleka dumu la lita 20. Nilitumia kimoja kwa muda mrefu, jina silitaji. Kalamu ilikuwa inasoma tofauti karibu kila ninapochota: leo 4, wiki ijayo 30, siku nyingine 60. Kijana wa pale hakuwa na ubaya, alikuwa hajui kichujio kilibadilishwa lini na mwenye kituo haonekani. Kwa chai hakuna shida. Kwa tangi, unajazia kitu usichokijua. Na maji ya chupa soma lebo, mengi yanarudishiwa madini ili yawe na ladha.

Chumvi sasa. Hapa kila mtu ana mawazo yake, kuanzia chumvi ya mezani hadi chumvi ya mawe ya Pwani. Nimekua karibu na mashamba ya chumvi, nayajua. Maji ya bahari yanapoachiwa jua, ya kwanza kuganda ni chokaa, halafu jasi, ndipo chumvi yenyewe, na magnesiamu inabaki kwenye yale maji machungu ya mwisho yanayomwagwa. Kwa maneno mengine, mwenye shamba kazi yake ni kuondoa vitu vyote ambavyo konokono wako anavihitaji. Kalsiamu ya bahari ni kama miligramu 400 na kidogo kwa lita, magnesiamu inakaribia 1300. Chumvi ya mawe ukiikoroga utapata maji yenye chumvi, lakini bahari hutapata.

Natumia Instant Ocean, chumvi ya kiwandani iliyochanganywa na madini ya bahari, inakuja kwa ndoo au boksi, na kutoka Dar inasafiri kwa basi hadi stendi ya Nyegezi. Mara ya kwanza niliyokwenda kuichukua, kijana wa vifurushi aliinua ndoo, akaishusha, akaniangalia.

"Dada, humu kuna nini, mbona zito hivi?"

"Chumvi."

"Chumvi? Kwani Mwanza imeisha?"

Siku hizi ananijua. Akiniona tu anaita wenzake, "Yule mama wa chumvi kafika."

Kukoroga kuna adabu yake. Maji kwanza, chumvi baadaye. Ukiweka chumvi kwenye ndoo halafu ukamwagia maji, kwa dakika chache pale chini mchanganyiko unakuwa mkali mno na sehemu ya kalsiamu inageuka chokaa nyeupe isiyoyeyuka tena. Lita 10 nazianzia na gramu 370 hivi, naweka pampu ndogo izungushe usiku kucha, asubuhi napima kwa refraktomita na kurekebisha. Gramu ni za kuanzia tu, kwa sababu chumvi ikishafunguliwa inanyonya unyevu wa hewa, hasa masika, na gramu zile zile zinakuwa na maji ndani yake. Hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, na kabla ya kuchota igeuze geuze, vile vizito vinazama chini. Usimwage kamwe chumvi kavu ndani ya tangi lenye samaki. Nane kwa kumi, bei ndiyo inayoniuma, na nauli.

Kuna wanaoniambia leta maji ya bahari yenyewe, mabasi yapo. Lita moja ni kilo moja. Kwa kubadilisha lita 5 kila wiki, ambayo ndiyo asilimia 10 ya tangi langu, ningekuwa nasafirisha madumu zaidi ya kilomita elfu moja, yakae juani kwenye buti, yafike yananuka. Wa Tanga na Dar wafanye, wachote mbali na midomo ya mito na mabomba. Sisi huku tukoroge.

Seti ya vipimo vya matone. Nitakuwa mfupi kwa kuwa yote yanafanana: chupa ndogo, mirija ya kioo, kadi ya rangi. Amonia na nitriti unavihitaji mno mwanzoni, wiki nne hadi sita za kwanza wakati bakteria wanajijenga kwenye mawe. Aina moja inakula amonia na kutoa nitriti, nyingine inakula nitriti na kutoa nitrati, na mpaka hizo mbili za kwanza zisome sifuri zote, samaki hana ruhusa ya kuingia. Baada ya hapo vipimo hivyo vinapumzika kabatini. Mimi napima nitrati, naitaka isizidi miligramu 20 kwa lita, na alkalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, naitaka kati ya 8 na 11. Cha alkalini nakipenda: mililita 5 za maji, unadondosha na kuhesabu, maji yanageuka bluu, na tone litakaloyafanya yawe njano ndiyo namba yako. Mwanangu wa darasa la tatu anakifanya vizuri kuliko mimi.

Cha nitrati kina siri kwenye chupa ya pili. Kilichomo kinatuama na kuganda chini. Ukidondosha bila kuitikisa kwa nguvu nusu dakika nzima, na mimi huigonga kwanza mezani, rangi inabaki njano nzuri na unalala usingizi wa amani na maji machafu. Soma rangi mchana karibu na dirisha, si chini ya taa nyeupe ya usiku. Vijiti vya kuchovya, vile vya pakiti, naviuza dukani kwa kazi ya mkojo na nasema bila aibu: kwa tangi la maji chumvi havitoshi.

pH nayo, kipimo cha uasidi wa maji, inatakiwa kati ya 8.1 na 8.4, na kuna jambo la nyumbani nililolibaini. Jioni tunafunga madirisha kwa ajili ya mbu, jiko la mkaa liko barazani, watu sita wanapumua sebuleni mbele ya taarifa ya habari. Hewa chafu inaingia kwenye maji na pH inashuka. Asubuhi fungua madirisha kabla hujafungua chupa yoyote ya kupandishia pH.

Na chupa zenyewe, zile za "maji angavu kwa siku moja", ninapewa nizijaribu kwa sababu nina duka la dawa na watu wanadhani nitazipenda. Mbili kwa kumi. Maji mapya yakiwa meupe kama ya mchele mara nyingi ni bakteria wanazaana, yataondoka yenyewe. Maji ya zamani yakichafuka, kuna kilichokufa nyuma ya jiwe au kuna mtu analisha mno. Chupa haimtoi konokono aliyekufa. Alama mbili nimezitoa kwa mfuniko, unapima vizuri.

Kitu kisichouzwa kwa ajili ya tangi ila kinaharibu maji kuliko vyote hapa kwetu ni dawa ya mbu ya kupuliza. Nyingi zina pairethroidi, ambazo kwa mtu ni nafuu lakini kwa samaki ni kali, na kwa kaa na kamba ndiyo balaa. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuipuliza moja kwa moja ndani ya maji. Nyumbani kwangu sebuleni hapapulizwi, tuna nyavu madirishani, na mgeni akitoa kopo lake begini namzuia mkono kwa upole. Nyavu hizo hizo nimefunika juu ya tangi, maana wale wadudu wa ziwani wakija usiku kwa makundi yao wanaifuata taa, na konzi ya wadudu ikiozea ndani ya lita 50 ni amonia ya kutosha kabisa.

Umeme. Pampu ya hewa ya betri, inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika, elfu thelathini na tano. Maji ya chumvi yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi, na maji yakiwa ya joto ndiyo yanazidi kupunguza, kwa hiyo tangi lililosimama kimya saa kadhaa mchana wa joto linaanza kukosa pumzi. Tisa kwa kumi bila maneno mengi. Inapiga kelele kama bodaboda iliyochoka, hilo tu.

Skima ya kuning'iniza, ile inayotoa povu na kukusanya uchafu kwenye kikombe, ninayo lakini kwa lita 60 na samaki wawili siioni faida yake kubwa ukilinganisha na kubadilisha lita 5 kila wiki. Inafanya kazi kweli, kikombe kinajaa maji ya rangi ya chai yenye harufu nisiyotaka kuieleza. Mwenye tangi la lita 200 ainunue. Tano kwa kumi kwa matumizi yangu.

Cha mwisho ni kifaa cha kujazia maji chenyewe: boya linashuka, pampu inawaka, maji yanapanda hadi kwenye utepe. Wifi yangu aliniletea kutoka Nairobi kama zawadi, na kila akipiga simu anauliza kama nimekifunga. Nimekifunga, wifi, ila kwa sharti langu. Boya likinasa, kwa mfano konokono akiamua kulipanda, pampu haitazima, itasukuma maji yasiyo na chumvi mpaka ndoo ya akiba iishe. Maelezo yanashauri ndoo ya lita 20 ili usijaze mara kwa mara. Lita 20 ndani ya tangi la 60 ni mafuriko sebuleni na chumvi chini ya 26. Nimekiwekea kidumu cha lita 3. Hata kikishindikana kabisa, lita 3 zitaishusha 35 hadi 33, na hiyo samaki wangu wanaimudu mpaka nirudi kutoka kazini. Kidumu kinahitaji kujazwa mara kwa mara, kwa hiyo kazi iko palepale. Sita kwa kumi, na kukiwa na safari ya siku mbili kwenda Magu, nane.